Makaroni Baridi Huanzia Mgandini

(Hotuba kwa kina mama lishe na wapishi wa shughuli, jijini Tanga, mwanzoni mwa kipupwe)

Mwenyekiti wetu, kina mama, kina baba, shangazi zangu niliowaona mmekaa kule nyuma, na ninyi vijana wa hotelini mliojipanga karibu na mlango kana kwamba mnavizia kutoroka: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Asiyeitikia hata moja, basi habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie saladi ya makaroni isiyo na nyama, samaki, maziwa wala mayai, inayopikwa kwa mboga za msimu. Mwenye haraka asikie neno langu moja kisha aende zake: chakula hiki hakianzii kwenye karatasi ya mapishi, kinaanzia sokoni. Unakwenda Mgandini asubuhi, unatazama kilichojaa, kilichoshuka bei, kilichochumwa jana na si juzi. Unarudi nacho nyumbani, ndipo unafungua pakiti ya makaroni. Makaroni hayana msimu, na ladha yake peke yake haimfikishi mtu popote. Yamekuja kubeba tu. Sifa au lawama zitaziendea mboga na rojo lake.

Nalisema hili mapema kwa sababu najua mmeona maelekezo ya saladi hii kwenye simu zenu, na yote yanafanana. Vinyanya vidogo vya duara, zukini (jamaa ya mumunye), zeituni, majani ya rehani, mafuta ya zeituni. Mtu anaibeba orodha ile hadi dukani, ananunua chupa ya mafuta kwa bei ya kuku, na vinyanya vilivyolala kwenye boksi la plastiki siku sijui ngapi. Chakula kinatoka ghali na hakina ladha, halafu tunasema Wazungu hawajui kupika. Waitaliano wanajua kupika. Saladi ya makaroni kwao ni chakula cha kiangazi, Julai na Agosti, jua linapowaka na watu wako ufukweni, hakuna anayetaka kusimama mbele ya jiko. Miezi hiyo hiyo ndiyo nyanya, zukini na rehani zimefurika masoko yao. Hawakuvichagua vile vitu kwa kupendeza kwenye picha, walichukua kilichokuwepo. Anayetaka kuwaiga kweli aige hilo.

Wapo pia watakaosema makaroni baridi si chakula chetu. Sawa, lakini tambi zimo kwenye futari zetu tangu enzi za bibi zetu, zimekaangwa, zimetiwa sukari, iliki, zabibu na tui. Wasomali waliyapata makaroni kwa Waitaliano waliowatawala, na leo wanayala na ndizi mbivu pembeni bila kumwomba mtu ruhusa. Na hilo la kupika bila nyama wala maziwa ndilo lisilotupa shida kabisa sisi watu wa pwani. Maharage ya nazi, mbaazi za nazi, mchicha wa nazi, kunde za nazi: hakuna hata kimoja hapo chenye mnyama ndani yake, na hakuna aliyewahi kukiita chakula cha masharti. Kazi ambayo wenzetu wanampa ng'ombe, sisi tumempa mnazi miaka yote.

Sasa soko. Tanga tumekaa pazuri. Juu yetu iko Lushoto, ambako karoti, kabichi, njegere, hoho, koliflawa na zukini hushuka mlima mpaka Mombo na kutufikia zikiwa bado na ubaridi wa huko. Huku chini tuna nazi, bamia, mchicha, mumunye, ndimu, maembe. Muheza wanatupa machungwa. Miji mingi ina mboga za baridi au mboga za joto; sisi tuna zote mbili katika soko moja, na aibu ni yetu tukizipita na kwenda kununua kopo.

Nitawapa msimu mmoja mmoja kwa jinsi ninavyopika mimi. Anayetoka Arusha au Mbeya atabadilisha kulingana na soko lake.

Tulipo sasa ni kipupwe, na kwa saladi hii ndio wakati mtamu kuliko yote. Mvua za masika zimekatika, nyanya zinakomaa kwenye jua bila kunyeshewa, kwa hiyo zina nyama zaidi kuliko maji. Kwa pakiti moja ya makaroni ya gramu 500 chukua nyanya kubwa nne zilizoiva lakini bado ngumu, karoti tatu, hoho mbili, njegere zilizomenywa kikombe kimoja kikubwa, kitunguu maji kimoja, na konzi moja ya giligilani au rehani. Ndiyo, rehani ile ile inayotiwa kwenye kikuba. Najua kuna bibi hapa atashangaa kuiona kwenye sinia badala ya kwenye nywele za bibi harusi, lakini ndiyo hiyo wanayoisifia Italia, na huku kwetu imeota kwenye kopo uani.

Nyanya usizimwage tu ndani. Zikate vipande vya kuingia mdomoni, zinyunyizie kijiko kidogo cha chumvi, ziweke kwenye chujio juu ya bakuli kwa dakika ishirini. Utaona maji mekundu yanashuka. Usiyamwage! Maji yale ndiyo nyanya yenyewe, na tutayatia kwenye rojo badala ya maji ya bomba. Ukiziweka nyanya bila kuzitoa maji, zitayatoa zenyewe baadaye, ndani ya saladi, na mgeni atakuta dimbwi chini ya sahani. Tango nalo lifanyie hivyo hivyo, ila maji yake mwaga, hayana faida.

Hoho zichome. Ziweke juu ya mkaa mpaka ngozi iwe nyeusi pande zote, zifunike kwenye sufuria dakika kumi zijichemshe kwa mvuke wake, kisha menya ngozi kwa vidole. Usizioshe baada ya hapo, utaosha ladha ya moshi uliyoihangaikia. Karoti zikate vipande vyembamba vya urefu, na njegere usizipikie sufuria yake. Zitaingia kwenye sufuria ya makaroni dakika tano kabla ya kuepua, karoti dakika mbili. Mkaa umepanda bei, na sufuria ya pili haina kazi.

Masika ni habari nyingine, na hapa ndipo wapishi wengi wanapolazimisha. Ukungu wa nyanya unapenda baridi na unyevu. Mvua zikishikana, shamba linaungua majani kwa siku chache tu. Nyanya inayonusurika inafika sokoni ghali, na ukiipasua imejaa maji. Mimi masika sitii nyanya mbichi kwenye saladi, nukta. Wakati huo mchicha umejaa, majani ya maboga yamejaa, mumunye mchanga upo, bamia zipo. Mumunye ukate vipande vinene kiasi cha kidole, upake mafuta kidogo, uukaange kwenye kikaango kikavu chenye moto mpaka upate rangi. Anayelilia zukini mpe hicho, hatauliza tena. Mchicha uchovye kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, uutumbukize kwenye maji baridi, kisha uukamue kwa mikono yote miwili mpaka usitoe tone, ndipo uukatekate. Bamia zipasue katikati kwa urefu na uzikaange kwenye kikaango cha moto mkali bila maji, bila kufunika, na chumvi mwishoni. Utelezi wa bamia unaletwa na maji na mfuniko.

Ikifika vuli, embe mbichi zinakuja. Hapo ndimu ipumzike. Embe mbichi iliyoparwa nyembamba ina ukali wake, ina harufu yake, na inakwenda na pilipili mbuzi kuliko kitu chochote ninachokijua. Msimu wa kaskazi embe zimeiva, matango yapo, na joto ni la kumfanya mtu asitake kuona chakula chenye moshi. Kata embe dodo iliyoiva lakini ngumu katika vipande vidogo, tia na tango, kitunguu, pilipili na karanga za kukaanga. Waume zenu watanuna mara ya kwanza. Mara ya pili watauliza iko wapi.

Makaroni sasa, na hapa naomba vijana wa hotelini mniazime masikio, maana ndipo saladi nyingi zinapofia.

Soma pakiti. Makaroni mazuri yanatengenezwa kwa ngano ngumu inayoitwa durumu. Tangu mwaka 1967 sheria ya Italia inataka makaroni makavu yawe ya ngano hiyo. Ngano ngumu inakaa kwenye maji na umbo lake linabaki. Zipo pakiti za ngano laini, ile ya maandazi, nazo si haramu, ila zinavurugika upesi na kwenye saladi zinageuka uji. Kama hiyo ndiyo uliyonayo, punguza muda wa kupika na uwe mpole unapochanganya. Chagua umbo lenye mashimo au mikunjo, lile la parafujo au la bomba fupi, kwa sababu rojo linapata pa kujificha. Tambi ndefu ziache kwa futari. Kwenye saladi zinajifunga mafundo, na kila anayechota anaondoka na nusu ya sinia.

Maji yawe mengi. Waitaliano wana kipimo chepesi kukumbuka: gramu 100 za makaroni, lita moja ya maji, gramu 10 za chumvi. Pakiti ya gramu 500 inataka lita tano na chumvi karibu vijiko vitatu vya chakula. Najua mmeshtuka. Sehemu kubwa ya chumvi ile inabaki kwenye maji na kumwagwa nayo. Na chakula kikipoa, ulimi haukisikii sawasawa. Kilichokuwa na chumvi ya kutosha kikiwa moto kitakuwa chapwa kikiwa baridi. Makaroni yasiyopata chumvi jikoni hayaipati tena. Utamwaga chumvi juu yake, itakaa juu tu.

Muda: mmefundishwa kuepua makaroni yakiwa bado na ugumu kidogo katikati. Kwa chakula cha moto, sawa. Kwa saladi ongeza dakika moja, hata mbili, juu ya ule muda ulioandikwa. Wanga uliopikwa ukipoa unajikaza upya. Mnalijua hili hata kama hamkuambiwa sababu yake, kwa kuwa mmekula kiporo cha wali asubuhi kabla ya kukipasha. Makaroni yaliyoepuliwa yakiwa na ugumu, saa tatu baadaye yatakuwa ya kutafunwa kwa juhudi. Pika mpaka yalainike kabisa lakini yasipasuke.

Je, yaoshwe kwa maji baridi au yasioshwe? Hapa wapishi wanagombana. Anayeosha anasema maji yanasimamisha kupika na kuondoa wanga unaonata. Anayekataa anasema umeiondoa na chumvi yake. Wote wanasema kweli. Mimi siyaoshi. Nayachuja, nayatandaza kwenye sinia pana, nayanyunyizia kijiko cha mafuta na maji ya ndimu moja yakiwa bado yanatoa moshi, nayageuza. Makaroni ya moto yananyonya. Ya baridi yanakataa. Ukali wa ndimu ukiingia wakati huo unaingia ndani kabisa. Kwa sinia pana na upepo wa dirishani, robo saa inatosha. Lakini kama unapika kilo tano kwa ajili ya shughuli na huna masinia ya kutosha, osha. Lundo la makaroni ya moto kwenye beseni litaendelea kujipika lenyewe mpaka liwe keki.

Rojo ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayowatisha watu. Swali ni lile lile kila mara: bila mayonezi itakuwaje? Itakuwa bora. Mayonezi ni mafuta, yai na kitu kikali. Yai limo ili mafuta na maji yakubali kukaa pamoja. Kuna vitu vingi vinavyoweza kazi hiyo, na vingine vinatoka kusini mwa nchi yetu.

Cha kwanza ni korosho. Nunua zilizovunjika, ni za bei nafuu na tunakwenda kuzisaga hata hivyo. Zisiwe za kukaanga, zisiwe za chumvi. Gramu 150 ziloweke kwenye maji ya moto kwa nusu saa, zichuje, zisage kwenye blenda pamoja na yale maji ya nyanya mliyoyahifadhi, maji ya ndimu mbili, punje mbili za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi na pilipili mbuzi kadiri ya ushujaa wako. Saga mpaka ukilisugua kwa vidole lisiwe na chenga. Umeme ukikatika, kinu kipo. Litakuwa na chenga kidogo na wengine wanalipenda hivyo. Rojo hilo ni jeupe, zito, linashika makaroni, na mtu asiyeambiwa ataapa kwamba umetia maziwa. Kwa masika, ambapo hakuna maji ya nyanya, tumia maji kidogo yaliyopikiwa makaroni, ila ukumbuke yana chumvi tayari.

Cha pili ni ufuta. Ukaange bila mafuta mpaka uanze kurukaruka, utoe haraka kabla haujaungua, usage na mafuta kidogo mpaka uwe laini. Ongeza ndimu na maji kidogo kidogo. Mwanzoni utakaza na kuganda, utadhani umeharibika. Endelea kutia maji, utafunguka wenyewe na kuwa mweupe. Waarabu wanafanya hivi siku zote.

Karanga nazo zinafaa, hasa na ukwaju. Loweka ukwaju kwenye maji ya moto, ukamue, changanya na karanga zilizosagwa, pilipili, chumvi na sukari kidogo sana. Rojo hili ni la masika, linakaa vizuri na mchicha na bamia. Ila karanga na korosho zote mbili zina watu wake wanaodhurika nazo, hata kwa kiasi kidogo tu. Andika kikaratasi, kiweke mbele ya sinia. Usisubiri kuulizwa.

Tui, jamani, ndilo lenye hila. Tui zito la kwanza ni tamu kwenye saladi hii, na ndimu na giligilani. Lakini mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Saladi ya tui ukiiweka kwenye friji usiku, asubuhi utaikuta ina mabonge meupe, na mgeni atadhani ni mafuta ya nyama. Kwa hiyo tui ni la chakula kinacholiwa siku ile ile, mezani, saa ile ile. Kwa kesho tumia korosho. Na tui ulichemshe kwanza kisha ulipoze, maana tui bichi linachacha upesi mno kwenye joto letu.

Anayetaka mayonezi kwa lazima, basi apike dengu. Mwaka 2014 Mfaransa mmoja mwanamuziki, Joël Roessel, alionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa dengu yakipigwa yanaumuka povu kama ute wa yai. Sisi tumekuwa tukiyamwaga. Loweka dengu usiku, zichemshe mpaka ziive, acha zipoe ndani ya maji yake mpaka maji yawe mazito. Vijiko vitatu vya maji yale ni kama yai moja. Yaweke kwenye blenda na kijiko cha ndimu na kijiko kidogo cha haradali, washa, mimina mafuta ya alizeti kwa uzi mwembamba, taratibu, mpaka yashikane. Dengu zenyewe zinarudi kwenye saladi. Hapo umepata na protini iliyokamilika, kwa kuwa ngano ina upungufu wa kile ambacho jamii ya kunde inacho, na kunde zina upungufu wa kile ambacho ngano inacho. Choroko na kunde zinafanya kazi hiyo hiyo kama dengu zimeadimika.

Sasa mniwie radhi nigeuke kidogo kutoka kwenye sufuria kwenda kwa mteja, maana wengi mmekuja kwa ajili ya biashara. Mteja akikwambia "sili nyama", usikimbilie jikoni. Muulize. Wahindi wengi wa hapa mjini hawali nyama wala mayai, lakini maziwa na samli ni chakula chao cha kila siku. Wajaini, wa dini nyingine ya Kihindi, wanakwenda mbali zaidi, hawali kitunguu maji, kitunguu saumu, karoti, viazi, chochote kinachong'olewa ardhini. Kwao saladi yangu ya kipupwe inabaki na nyanya, hoho na njegere, na kitunguu saumu na tangawizi mbichi vitoke kwenye rojo. Waadventista wasiokula nyama wapo wengi, na kila nyumba ina mpaka wake. Mhabeshi wa Kiorthodoksi aliye kwenye mfungo mkuu wa siku 55 hagusi nyama, maziwa wala mayai, na anafanya hivyo pia kila Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima. Halafu wapo wanaojiita vegani, hawa watalii mnaowaona wakipita kwenda Amani, Pangani na Lushoto. Chama chao cha kwanza kiliundwa Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipojitenga na wala mboga waliokuwa wakitumia maziwa. Hao hawali hata asali. Kwa hiyo kijiko cha asali ulichozoea kutia kwenye ndimu, badilisha kiwe sukari.

Na vipo vinavyojificha. Tambi za mayai, jina linasema lenyewe lakini watu hawasomi. Vidonge vya supu, vingi vina mafuta ya kuku au unga wa maziwa hata pale ambapo picha ni ya mboga. Majarini nyingine zina maziwa. Sosi ya Worcestershire ina samaki wadogo ndani yake. Usimhakikishie mteja kitu ambacho hukukisoma. Anayefunga kwa dini yake ukimlisha samli kwa siri, hilo si kosa la mapishi tena.

Usalama, na hapa sina mzaha. Mnajua kipindupindu kikizuka, bwana afya anaanza na kachumbari na matunda yaliyokatwa. Ana haki. Mboga inayoliwa mbichi ioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapozwa, ubao wa kukatia usiwe ule uliokatiwa kuku, na mikono ioshwe na sabuni baada ya kushika pesa. Mama lishe anayepokea noti na kuchota saladi kwa mkono ule ule, tunamwona.

Watu wengi wanadhani chakula kisicho na nyama hakiwezi kumdhuru mtu. Makaroni yaliyopikwa, kama wali, yana mdudu wake, bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake zinastahimili kuchemshwa. Chakula kikikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haifi kwa kupasha. Kanuni ni kwamba chakula kisikae kati ya nyuzijoto 5 na 60 zaidi ya saa mbili, na hewa ikipita nyuzijoto 32, saa moja. Tanga yetu ya Februari ni ya saa moja, tusidanganyane. Kama una friji, poza kwenye sinia, ingiza mapema, toa wakati wa kula. Kama huna friji, usichanganye. Beba makaroni yaliyopakwa ndimu na mafuta kwenye chombo chenye barafu, mboga kwenye kingine, rojo kwenye chupa, uchanganye mbele ya mteja. Inapendeza hata kwa macho. Ndivyo ninavyowapangia chakula watalii wanaopanda Amani: vyombo vitatu, kijiko, na maelekezo kwa yule anayewaongoza. Ila saa ya kula isiwe mbali, na barafu isiwe ya kuhesabia.

Tumalizie na vipimo vya shughuli, maana nimeona kalamu zinasubiri. Kwa watu hamsini, ikiwa saladi ni ya pembeni, kilo tatu za makaroni makavu zinatosha. Ikiwa ndiyo chakula chenyewe, weka kilo nne na nusu. Mboga zilizokwisha kumenywa na kukatwa zisipungue mara mbili ya uzito wa makaroni makavu. Ukipunguza mboga kwa kubana matumizi utakuwa umeuza ngano baridi, na katika kipupwe mboga ndiyo rahisi kuliko ngano, sielewi unabana nini. Rojo usilitie lote. Theluthi moja iache kwenye chupa mpaka dakika ya kupakua, kwa sababu makaroni yanaendelea kunyonya, na saladi iliyong'aa saa nne asubuhi itakuwa kavu saa saba. Majani mabichi na karanga za juu pia visubiri dakika hiyo. Onja tena kabla hujatoa: karibu kila mara itadai chumvi kidogo na nusu ndimu.

Mtaniuliza bei ya kuuzia. Hiyo mtaipanga wenyewe kwa soko la wiki hiyo, na mwenye kupanga bei ya mwaka mzima kwa nyanya za Julai atalia Aprili. Sasa maji lita tano yameshachemka kule jikoni. Mwenye aproni aje tuanze na makaroni. Asiye nayo, visu viko mezani na hoho zinataka kuchomwa.